Jiwe Lisilo na Namba

Kila mwaka bajeti ya Wizara ya Nishati ikishasomwa Dodoma, simu yangu huita kabla ya magharibi. Ni mjomba, anapiga kutoka Mtwara. Namwamkia, anaitikia marahaba ya harakaharaka, halafu anaingia kwenye lililomfanya apige: "Mjomba, wamesemaje?" Ndivyo tunavyoitana, mjomba kwa mjomba, tangu nikiwa mtoto. Sina haja ya kumuuliza wamesemaje kuhusu nini. Anaulizia gesi ya bahari kuu, na nyuma ya swali hilo ipo nyumba ya vyumba kumi na viwili iliyokwama kwenye lenta, kando ya barabara ya kwenda Mikindani, mwarobaini ukiwa umeota katikati ya chumba kilichokusudiwa kuwa mapokezi.

Aliianza 2012. Aliuza ekari nne za mikorosho aliyoachiwa na babu, mikorosho ya zamani ambayo matawi yake yalikuwa yameshakutana, akanunua kiwanja, tofali na nondo. Ilikuwa iwe gesti. Mwaka ule ukifika Mtwara usiku bila kuweka nafasi ulikuwa unalala stendi. Bandarini zilitia nanga meli za kuhudumia mitambo ya uchorongaji, barabarani zikapita gari za watu waliovaa ovaroli zenye nembo za kampuni za nje, na bei ya kiwanja ilibadilika kati ya Ijumaa na Jumatatu. Bibi peke yake ndiye aliyemzuia. "Usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa," alimwambia. Bibi alikuwa na sababu: aliishuhudia reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ikijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, mradi ulioanzishwa 1947 bila mvua wala udongo kupimwa vya kutosha, kisha akaishuhudia reli hiyohiyo iking'olewa, 1962. Mjomba alimjibu kwamba safari hii mwana ameshazaliwa. Redio imesema.

Redio haikudanganya. Mwaka 2010 kisima cha kwanza cha bahari kuu, Pweza, kilikuta gesi. Kikafuata Chewa, halafu Chaza, Jodari, Mzia, Papa. Kwenye kitalu cha pili wenzao wakachagua viungo: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri, Giligiliani, Mdalasini. Majina ambayo mama angeweza kuyaandika kwenye karatasi na kunituma nayo sokoni. Nadhani hilo nalo lilichangia. Kitu kilichoko mita 2,500 chini ya maji, na kilomita nyingine chini ya sakafu ya bahari, kilizungumzwa kana kwamba kiko jikoni kinangoja moto. Na mwisho wa hesabu ikatajwa jumla ambayo hadi leo inarudiwa Bungeni, kwenye makongamano na kwenye mitihani ya shule: futi za ujazo trilioni 57.54, takriban trilioni 47 zikiwa baharini na zilizobaki nchi kavu na kwenye kina kifupi.

Jumla hiyo ni ya gesi iliyopo chini. Haihesabu itakayotoka. Kutoka kwenye kiasi kilichopo, kuna sehemu ambayo haitatoka kamwe, na kuna sehemu itakayotoka iwapo bei, teknolojia na mikataba vitakubaliana. Wataalamu wanalijua hili na hulisema wakikaa wenyewe kwa wenyewe. Likishuka kwa wananchi linabaki neno moja: imegunduliwa.

Neno hilo ndilo ninalogombana nalo kwa miaka mingi sasa. Mvuvi wa Msanga Mkuu akikuambia amepata chewa, chewa yuko kwenye mtumbwi, anapapatika. Mjiolojia akisema amegundua gesi, maana yake ni kwamba wametoboa tundu moja, wamekuta mwamba wenye vinyweleo vilivyojaa gesi, na sasa kazi inaanza: kutoboa matundu mengine kujua hifadhi inaenea hadi wapi, kupima msukumo wake, kukadiria gharama, kutafuta mnunuzi atakayesaini kununua kwa miaka ishirini, kukopa, kuelewana na serikali. Kila hatua ina mlango wa kutokea, na kampuni huwa inautazama mlango huo muda wote. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa hatua hizi zote. Tungeweza kusema "tumeona dalili," "tumethibitisha," "tumeamua kuvuna." Tumechagua kutumia moja kwa yote, na mjomba akauza mikorosho.

Chukua Songo Songo. Gesi ya kisiwa hicho cha Kilwa ilikutwa 1974 na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP. Waitaliano walipiga hesabu zao, wakaona haiwalipi, wakaondoka. Waliotafuta walikuwa wakitaka mafuta. Gesi isiyo na soko karibu ilikuwa kero. Shirika letu la maendeleo ya petroli, TPDC, lililoundwa 1969, ndilo lililobaki na kisima, na kwa fedha za umma na mikopo likaendelea kuchoronga visima vingine mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ili kuthibitisha kilichopo. Gesi ile ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: miaka 30. Mtoto aliyezaliwa siku mwamba ulipotobolewa aliwasha taa ya gesi akiwa na watoto wake. Lakini iliwaka, na ukame wa 2006 ulipokausha mabwawa tulijua thamani ya shirika lililokataa kufukia tundu. Kwa miaka mingi kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha mwaka 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulikuwa unatokana na gesi.

Nasimulia hili kwa sababu watu wa kwetu waliumizwa na kutotofautisha gesi hizi, na hakuna aliyejishughulisha kuwatofautishia mapema. Bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kilomita 542 pamoja na tawi la Songo Songo, lilizinduliwa Oktoba 2015. Linabeba gesi ya Mnazi Bay, ambayo AGIP hiyohiyo waliikuta 1982, pamoja na ile ya Songo Songo. Halina hata futi moja ya Pweza wala Zafarani. Lakini 2012 na 2013 watu wa Mtwara walisikia mambo mawili kwa pamoja: kwamba gesi nyingi ajabu imegunduliwa kwao, na kwamba bomba linajengwa kuipeleka Dar. Wangeunganishaje vingine? "Gesi haitoki" ikaandikwa ukutani na kwenye mabango. Tarehe 22 Mei 2013, hotuba ya bajeti ya wizara iliposomwa na bomba likathibitishwa, mji ukawaka moto, na watu wakapoteza maisha. Mimi siku hiyo nilikuwa porini kwenye kambi ya utafutaji wa madini, tukisikiliza redio ya betri chini ya turubai, na vijana wawili wa Mtwara tuliokuwa nao walikuwa wakipiga simu nyumbani ambazo hazikupokelewa. Nilimpata mjomba kesho yake. Alikuwa amejificha na mafundi wake ndani ya nyumba yao ya gesti, ambayo wakati huo ilikuwa imefika madirishani.

Wapo walioandika kwamba watu wale walikuwa wajinga au wametumwa. Nilikerwa, na bado nakerwa. Walichokuwa wakitaka ni kuelezwa hesabu: kipi kinatoka sasa, kipi kitatoka baadaye, na sehemu yao ni ipi.

Bahari kuu imefikia wapi? Hili ndilo mjomba analotaka, na jibu langu halijabadilika sana kwa miaka. BG, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na vitalu vyenye majina ya samaki, ilinunuliwa na Shell mwaka 2016. Statoil ya Norway, yenye kitalu cha viungo, ikabadili jina 2018 ikawa Equinor, na Januari 2021 ikapunguza kwenye vitabu vyake karibu dola bilioni moja ya thamani ya mradi wa Tanzania. Juni 2022 ulisainiwa Dodoma mkataba wa awali wa kusindika gesi kuwa kimiminika, kiwanda kikitarajiwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwa makadirio yaliyofika dola bilioni 42. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba majadiliano yamekamilika. Mpaka naandika haya, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujafanyika, na Likong'o hakujasimama hata nguzo.

Ng'ambo ya Ruvuma, ndugu zetu wa Msumbiji walikuta gesi yao miaka ileile ya 2010, kwenye bonde lilelile la miamba. Wao walikubaliana haraka zaidi. Tangu Novemba 2022 wanasafirisha gesi kutoka kwenye kiwanda kinachoelea juu ya kisima cha Coral. Lakini pia Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, maelfu wakakimbia, wengine wakavuka mto kuja kwetu, na mradi mkubwa wa nchi kavu ukasimama kwa miaka. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema "wenzetu wametuacha," huwa nanyamaza kidogo kwanza. Sheria zetu za 2017, zilizotaka mikataba ya maliasili iweze kupitiwa na Bunge na migogoro iamuliwe nyumbani, ziliwafanya wawekezaji wasite. Naona zilitungwa kwa haki, kwa sababu nchi iliyokwisha kusaini mikataba ya dhahabu ikiwa imefumba macho ilikuwa na kila sababu ya kuyafumbua. Kusubiri nako kuna bei, na bei hiyo inalipwa na watu wa Likong'o walioondolewa kwenye ardhi yao na watu wa aina ya mjomba.

Ila kinachoniamsha usiku si gesi. Gesi ina wasemaji wengi. Kinachoniamsha ni mawe.

Nimefanya kazi ya utafutaji wa madini kwa miaka sita, kama msaidizi wa wajiolojia, sehemu kubwa kusini. Watu wengi wakisikia "utafutaji" wanaona helmeti na dhahabu. Mwaka wa kwanza ni kutembea. Mnakata njia porini kwa panga, mstari ulionyooka, na kila baada ya hatua kadhaa mnachimba kishimo cha kina cha mkono, mnachota udongo, mnachekecha, mnafunga kwenye kimfuko, mnaandika namba. Mistari kumi, ishirini, mia. Nyuki, upupu, na nyoka aina ya koboko ambaye mzee mmoja wa Kimwera alitufundisha kumsikiliza kabla ya kumwona. Udongo unapelekwa maabara. Majibu yakionyesha dalili, ndipo unakuja mtambo wa kuchoronga.

Kuchoronga ndiko nilikokupenda. Bomba lenye meno ya almasi linakata mwamba kwa kuzunguka, na katikati yake linabaki jiwe la mviringo, fimbo ya jiwe unene wa mpini wa jembe, linalovutwa juu kila baada ya mita tatu. Linatoka likiwa na maji na vuguvugu kidogo. Kazi yangu ilikuwa kulipokea, kuliosha, kulipanga kwenye trei za mbao vipande kwa mpangilio wake, na mwisho wa kila mvuto kuweka kibao cha kina. Kwenye ukingo wa trei napigilia kibati cha aluminiamu kilichoandikwa kwa ncha ya msumari: namba ya kisima, kuanzia mita hii hadi hii. Mjiolojia wetu, dada mmoja mkali aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alinifundisha sheria moja kabla ya zote. Alichukua kipande kizuri, chenye mstari wa madini unaong'aa kama magamba ya samaki, akakitoa kwenye trei, akanipa. "Hili ni jiwe gani?" Nikamwambia la mita sitini na kitu. "Umejuaje?" Kwa sababu nimeona ulipolitoa. "Na usingeona?" Nikakaa kimya. "Basi jiwe lisilo na namba ni jiwe," akasema, akalirudisha mahali pake.

Mvua za mwisho wa 2014 zilipoanza, kampuni tuliyokuwa tukiifanyia kazi ilisimamisha mtambo. Tuliambiwa ni mapumziko, tutarudi kiangazi. Kampuni ndogo za utafutaji huwa hazina mgodi wala mauzo. Zinaishi kwa fedha za wanahisa kwenye masoko ya Perth, Toronto au London, na bei ya madini ikishuka huko, kambi inafungwa huku. Hivyo ndivyo biashara ilivyo, na siwalaumu kwa kuishiwa. Nawalaumu kwa miezi miwili ya mishahara yetu, na zaidi ya mishahara nawalaumu kwa trei. Zaidi ya mita elfu nne za mwamba wa nchi hii, zilizokatwa kwa mafuta ya dizeli na jasho, ziliachwa chini ya banda la makuti lisilo na ukuta, kwa mlinzi ambaye naye hakulipwa.

Nilirudi kijijini pale miaka saba baadaye kwa msiba. Makuti yalikuwa yameanguka. Mchwa walikuwa wamekula mbao zote za trei, na fimbo za jiwe zilikuwa zimemwagika chungu nzima kama kuni, mita ya kumi juu ya mita ya mia mbili. Mbele ya ofisi ya kijiji zilikuwa zimepangwa vizuri sana kuzunguka bustani ya maua, moja nyeusi moja ya kijivu. Nyumba tuliyofikia, mama mwenye nyumba alikuwa akitwanga kitunguu saumu na pilipili, na mchi wake mdogo ulikuwa fimbo ya mwamba, laini, ya mviringo, yenye magamba yanayong'aa. Nilikula wali wake nikiangalia kile kinu. Nilitamani kumuuliza aliliokota upande gani wa banda, lakini ningeuliza ili iweje? Wapangaji wa maua na mama huyu hawana kosa. Mawe yalikuwa hayana namba.

Siku akija mtafutaji mwingine pale, ataanza upya kukata mistari na kuchota udongo. Atachoronga kisima mita hamsini kutoka kwenye kisima chetu bila kujua. Gharama yake itaingia kwenye vitabu, na siku mgodi ukifunguliwa itaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa. Sheria inamtaka mwenye leseni atoe taarifa zake kwa serikali, na taarifa nyingi hutolewa, lakini taarifa ni maneno ya mtu kuhusu jiwe. Miaka ishirini baadaye, dunia ikianza kutaka madini ambayo aliyeandika hakuyatafuta, ni jiwe lenyewe litakaloulizwa tena. Kinywe, yaani grafiti, ambacho Ruangwa na Mahenge kimejaa, nani alikuwa akikiandika kwa makini wakati wote walikuwa wakitafuta dhahabu na vito? Hata gesi ya heliamu ya Rukwa ilitangazwa 2016 mahali ambapo watu walikuwa wakioga maji ya moto ya chemchemi tangu enzi, huku mapovu yakipanda. Kampuni za mafuta zilichoronga kisima huko miaka ya 1980, zikakosa mafuta, zikaondoka. Waliokuja kutafuta heliamu walianzia kwenye data za mitetemo zilizoachwa na hao. Data ilikuwa imetunzwa. Mwanzoni mwa 2024 heliamu ikatoka hadi juu kwenye kisima cha Itumbula.

Taasisi yetu ya Jiolojia ina asili ya 1925, na makao yake yako Dodoma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya nchi kupima sumaku ya miamba kwa mistari iliyoachana takriban kilomita moja. Ramani hizo ndizo zimezaa utafutaji mwingi unaousikia, lakini kwa mistari iliyoachana hivyo, mwili wa madini wenye upana wa mita mia tatu unaweza kulala katikati bila kuguswa. Upimaji wa kina, wa mistari ya karibu, umefika asilimia 16 tu ya nchi. Waziri wa Madini, Anthony Mavunde, ameweka lengo la kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Wakati huohuo sekta ya madini imeshavuka asilimia 10 ya pato la taifa. Yaani tunakula sehemu hiyo ya mkate kutoka kwenye nchi ambayo asilimia 84 yake hatujaitazama kwa macho yaliyo wazi. Nimesoma lengo hilo mara nyingi na kila mara nafurahi kama mtu aliyesikia mwanawe amefaulu. Halafu naogopa, kwa sababu kupima kwa ndege kuna picha nzuri za magazetini, lakini ghala lenye rafu za chuma, paa lisilovuja, na kijana mwenye kalamu ya wino usiofutika halina sherehe ya uzinduzi.

Watu huniuliza kwa nini umma ulipie kutafuta wakati kampuni ziko tayari kulipa. Ninawaambia watazame Uganda. Dalili za mafuta kuzunguka Ziwa Albert ziliandikwa na mjiolojia wa kikoloni, Wayland, tangu miaka ya 1920, na kisima kikachorongwa Waki mwaka 1938. Halafu kimya. Katikati ya miaka ya 1980, nchi ikiwa imetoka vitani na haina kitu, serikali iliunda kitengo chake cha utafutaji Entebbe, ikapeleka vijana kusoma, nao wakarudi na kutembea bonde lile kwa miguu, wakichora ramani, wakipima mvutano wa ardhi, wakiongozwa kwa miaka mingi na Reuben Kashambuzi. Kampuni zilipokuja zilikuta mwenyeji anayejua shamba lake. Mafuta yalithibitishwa 2006. Ndiyo, nao wamesubiri. Karibu miaka ishirini hadi bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Lakini walikaa mezani wakiwa na ramani zao wenyewe. Kenya walikuta mafuta Turkana 2012, kwenye kisima cha Ngamia, wakapeleka shehena ya kwanza Mombasa 2019, na mwaka 2025 Tullow, waliokuwa waendeshaji, wakauza na kuondoka. Natumaini mawe ya Ngamia yamebaki na namba zake.

Kwetu ziko dalili zinazonipa moyo. Kwenye bonde la Eyasi-Wembere, kutoka Singida na Tabora hadi Arusha, TPDC wenyewe wamekuwa wakikusanya data za mitetemo kwa fedha za ndani. Mkuza unafyekwa, vipokezi vinatandazwa ardhini kama shanga, ardhi inatikiswa, mwangwi unaandikwa. Hisa ya shirika Mnazi Bay ilipanda 2024 kutoka asilimia 20 hadi 40. STAMICO, shirika la madini la taifa, wameanza kuwachorongea wachimbaji wadogo, na hili kwangu ni kubwa kuliko linavyosemwa. Mchimbaji mdogo amekuwa mtafutaji wa nchi hii siku zote, bila cheti. Tanzanaiti ya Mirerani ilionekana 1967, na ikachukua hadi 2018 kwa taifa kumpa Jumanne Ngoma heshima yake kama mgunduzi. Wachimbaji wa leo wanazama kwenye maduara, mashimo yao ya kuchimbia, kwa kufuata mshipa kwa macho na ndoto. Mita hamsini za kuchoronga kabla ya kushuka zinaweza kumwambia baba wa watu asizame pale.

Kule kijijini kwenye msiba sikuondoka mikono mitupu. Asubuhi ya tatu nilikwenda bandani peke yangu, nikapekua chungu ile hadi jua likawa kali. Vibati vingi vilikuwa vimeokotwa; aluminiamu inauzwa kwa kilo. Nilipata kimoja, kimepigiliwa kwenye kipande cha ubao ambacho mchwa hawakukimaliza, na juu ya ubao huo, fimbo mbili za jiwe zilizoshikana kwa udongo. Mwandiko ni wangu. Mita 87.40 hadi 88.10.

Nilipopita Mtwara nilimwonyesha mjomba. Tulikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, mwarobaini ukitupa kivuli hadi tulipo. Alilipima jiwe kwa mkono, akalilowesha kwa maji ya chupa nilivyomfundisha, magamba yakang'aa, akaligeuza.

"Na hili lililofuata? Ya themanini na tisa?"

"Ya themanini na tisa inatwanga kitunguu saumu, mjomba."